Mfuniko wa Mashine ya Deivanai

Ahmedabad, 6 Juni 1993

Kwako Kaka Nachimuthu,

Pokea salamu kutoka kwenye tanuri hili wanaloliita mji. Mimi mzima, ila kwa joto hili nalala na kitambaa kibichi usoni, na chakula cha bweni bado wanakitia sukari. Dengu, sukari. Mchuzi, sukari. Juzi Hetal tunayelala naye chumba kimoja alinikuta namwagia sahani pilipili ya mama yetu Amma mpaka ikawa nyekundu. Akaniuliza, "Wewe unakula au unajiadhibu?" Pilipili yenyewe imebaki robo kopo, naomba umkumbushe Amma.

Wifi Maragatham anaendeleaje na mgongo? Mwambie asibebe ndoo mbili kwa mpigo kama anashindana na mtu. Na Amma mwambie ule mstari anaouandika chini ya barua zako nausoma mara nyingi kuliko barua yenyewe, usikasirike. "Paka mafuta kichwani kila Jumamosi, usiige watu wa huko." Barua yako ikifika, naanzia chini.

Sasa kuhusu mashine ile ya kusaga mchele na dengu kuwa rojo la dosa, chapati zetu za kila siku. Nimefurahi kusikia kwamba mnaanza kuitengeneza kwa wingi kabla ya sikukuu ya Deepavali, na kwamba umeipa jina la Amma. Nimejaribu kuliona lile neno "Deivanai" kwa herufi za dhahabu kwenye bakuli. Lakini Kaka, nimeogopa pia. Mfuniko ule niliuchora kwa ajili ya mtihani wa chuo. Ukapata zawadi, nikapigiwa makofi, nikadhani mambo yameishia kwenye karatasi. Wewe ukaichukua karatasi ukaigeuza chuma.

Nina ombi moja. Kabla hazijatoka nyingi, chagua wanawake watano wa hapo mtaani uliowapa mashine za majaribio. Nenda jikoni kwao, ukae, uwatazame wakisaga toka mwanzo mpaka mwisho. Usiwaulize kitu na usiwasaidie. Mwalimu wetu Kusumben anasema ukimuuliza mtu kuhusu kitu chako atakujibu kwa adabu, lakini mikono yake ikiwa kazini haina adabu hata kidogo. Huo ndio usanifu wote tunaofundishwa hapa, mengine ni penseli tu.

Nijibu mapema tafadhali.

Mdogo wako,
Poongodi


Ganapathy, Coimbatore, 24 Juni 1993

Kwako Profesa Poongodi,

Salamu zako tumezipata na tumezigawana. Huku mvua imechungulia ikarudi ilikotoka. Mgongo wa wifi yako umepona, na ndoo bado anabeba mbili. Ng'ombe wa Amma amezaa ndama jike, mweupe, ana wazimu, ameshakula kamba yake mwenyewe na kitambaa cha jirani.

Ombi lako nimelisoma mbele ya Rangasamy, fundi mkuu wetu, naye amecheka mpaka akakaa chini. Unataka mimi, Nachimuthu mwana wa Kuppusamy, niende nikakae jikoni kwa mke wa mtu, kimya, namtazama anavyosaga? Mumewe akirudi nimwambie nini? "Usijali bwana, mdogo wangu anasoma Ahmedabad"? Utanizika wewe?

Sikiliza, mdogo wangu. Usidhani huku tunafanya biashara kwa kubahatisha. Tangu Aprili nimegawa mashine ishirini, kila moja na kadi ya maoni. Kadi zote ishirini zimerudi, na zote zinasema nzuri sana. Mke wa mwalimu mkuu ameandika "nzuri kupita kiasi." Mashine ya kwanza kabisa anayo Amma, na kila nikimuuliza anasema nzuri. Sasa kama Amma ambaye hata mahekalu huyaona yana kasoro anasema nzuri, nani mwingine nimuulize?

Tena Rangasamy anasema mfuniko wako ndio akili kubwa kuliko zote zilizowahi kutoka kwenye ukoo huu. Mashine ya baba, marehemu Appa, ilihitaji wanaume wawili kuisogeza, kwa sababu ya ile nondo nene iliyoshikilia mawe. Wewe umeitoa nondo, ukaufanya mfuniko ushikilie mawe, na swichi ile ndogo inazima mota mfuniko ukifunguliwa. Wifi yako anaibeba mashine nzima peke yake. Mawe hayarukiruki na rojo halirukii ukutani. Unataka nini zaidi?

Msambazaji wa Erode ameagiza mia tatu kwa ajili ya Deepavali. Nakwambia wewe tu, wengine hawajui: watengenezaji wenzetu wa Peelamedu wameleta mashine ndogo za mezani, na tangu sikukuu ya Pongal ya Januari oda zetu za mashine kubwa zimekauka. Mia tatu hizi zisipotoka, kiwanda cha Appa hakitafika mwakani. Basi soma, ufaulu, na uniachie jikoni za watu.

Kaka yako,
Nachimuthu

Pilipili inakuja kwa posta. Ndama nimempa jina lako, kwa vile hatulii. Kula vizuri. Amma.


Ahmedabad, 15 Julai 1993

Kwako Kaka,

Pilipili imefika, kopo limepasuka pembeni na begi la mtu wa posta sasa linanukia kama jikoni kwetu. Mbusu ndama mwenye jina langu. Mvua hapa imeanza, tunaingia darasani miguu ikiwa na tope mpaka magotini. Wifi nimemwandikia yeye mwenyewe juzi, aniambie habari za jikoni maana wewe hutaki kuzijua.

Najua mnaingia mwezi wa Aadi na hakuna anayeanzisha jambo jipya humo. Basi nakuomba huo mwezi usioanzisha kitu uutumie kutazama.

Acha nikupe kisa, halafu unicheke. Wiki iliyopita Kusumben alitupeleka mtaa mmoja wa kina mama waliouziwa jiko jipya la mafuta ya taa. Kampuni ilishawauliza, wote walisema jiko zuri. Tukakaa. Nilikaa kwa mama mmoja saa mbili. Kabla ya kuwasha alivuta tofali kutoka chini ya kitanda, akaliweka, akapandisha jiko juu yake. Nyumba ya pili, tofali. Nyumba ya tatu, matofali mawili. Jiko ni fupi, Kaka! Linawavunja migongo! Na hakuna hata mmoja aliyelitaja tofali kwa sababu kwao tofali si tatizo la jiko, ni sehemu ya kupika. Kampuni ingeuza majiko laki moja bila kujua kwamba inauza nusu ya kitu, na nusu nyingine watu wanaiokota barabarani.

Tangu siku hiyo sina raha. Ndiyo maana nakuuliza: Amma ameweka tofali gani?

Usimuulize yeye. Tazama tu.

Mdogo wako,
Poongodi


Ganapathy, 22 Agosti 1993

Kwako mdogo wangu Poongodi,

Samahani kwa kuchelewa, kazi zimenibana shingo. Sote wazima. Ndama anakua. Mvua imenyesha kidogo.

Hakuna tofali. Amma anaendelea vizuri na mashine yake, amelifunika bakuli kwa kitambaa kizuri na kila asubuhi anaitia ua la asumini. Nikuambie zaidi, dosa za nyumbani wiki hizi zimekuwa tamu ajabu, laini, kama zile tulizokuwa tukila Appa akiwa hai. Jana nilikula tisa, mpaka wifi yako akaniondolea sahani.

Mabakuli mia tatu yameshakatwa na mifuniko mia na hamsini iko tayari. Baada ya Ayudha Puja, sikukuu ya kubariki vifaa, zinaondoka kwenda Erode.

Amma anakusalimu. Hakuandika, macho yanamuuma kidogo.

Kaka yako,
Nachimuthu


Ahmedabad, 29 Agosti 1993

Kaka,

Shikamoo nakuamkia, na salamu kwa wote, na unisamehe nikienda moja kwa moja.

Amma macho yanamuuma tangu lini? Miaka yote ya homa, ya kifo cha Appa, ya ile siku alipong'olewa meno mawili, mstari wake haukukosekana. Angeandika "kula" tu, akafunga. Neno moja haliumizi macho.

Na kwa nini dosa zimerudi kuwa kama za zamani? Mashine ile inakwenda kasi kuliko ya Appa, rojo lake linapata joto, na rojo likipata joto dosa inakuwa ngumu. Hilo nililijua nilipokuwa nachora. Niliona ni dogo.

Kuna jingine nililolijua nikaliona dogo, na nimeshindwa kukuambia tangu Juni. Nakuambia sasa. Mfuniko ule niliujaribisha hapa bwenini, kwa wasichana sita. Hakuna hata mmoja wa kwetu kusini. Walimwaga mchele na dengu, wakafunga, wakasubiri, wakafungua, wakachota kwa kijiko. Safi kabisa. Mkono wa mtu haukuingia ndani hata mara moja, na mimi niliyelelewa na Amma nilisimama pale na daftari nikaandika "hakuna tatizo."

Wewe unajua Amma anasagaje. Mimi najua. Mkono wa kulia unaingia bakuli likizunguka, unakwangua ukingoni, unasukuma rojo katikati, unalibana kati ya vidole kuona kama limelainika. Asipoligusa hajui. Na rojo lililochanganywa kwa kijiko Amma anasema haliumuki, linataka joto la mkono. Nilitengeneza mfuniko kwa ajili ya watu wasiogusa rojo, nikakupelekea wewe uwauzie watu wanaoligusa. Sikuja nyumbani kumtazama kwa sababu nilidhani jikoni kwa mama yangu ni mahali pasipohitaji kutazamwa.

Sasa fikiria. Akifungua, inazima. Rojo likiwa zito mota haitaki kuanza upya, inanguruma. Atafanya nini mtu mwenye haraka? Ataibana ile swichi kwa kitu, mashine izunguke ikiwa wazi. Na nondo mimi nimeitoa, Kaka. Mfuniko ukiwa wazi hakuna kinachoyashika mawe, na vidole viko humo ndani.

Tafadhali usitoe hata moja. Kaa jikoni alasiri moja tu. Naogopa sana.

Poongodi


Ganapathy, 11 Septemba 1993

Poongodi,

Salamu. Sote wazima.

Barua yako imenikuta nimesimama kati ya mabakuli mia tatu. Sasa ndiyo unasema? Ulipopigiwa makofi hukukumbuka? Ulipoleta ule mchoro hapa kwenye likizo, ukautandaza mezani, mimi nikakuuliza, "Hii imejaribiwa?" ukanijibu nini? Ulijibu, "Imejaribiwa kabisa, Kaka." Nakumbuka hata sari uliyovaa.

Mimi si mwanafunzi. Nina wafanyakazi kumi na mmoja wanaosubiri Deepavali. Nina mtu wa Erode anayepiga simu kila Jumatatu. Siwezi kuwaambia kwamba dada yangu ameona matofali ya watu akapata wasiwasi.

Amma mzima. Hakuandika kwa sababu alikwenda hekaluni nilipokuwa nafunga barua.

Usiniandikie tena kuhusu mfuniko.

Nachimuthu


Ahmedabad, 19 Septemba 1993

Kwako Kaka,

Umesema nisiandike kuhusu mfuniko. Sawa, siandiki.

Nakuandikia kuhusu Amma. Barua mbili hazina mstari wake. Ya kwanza ulisema macho, ya pili ulisema hekalu. Wifi nimemwandikia mara mbili na hajajibu, yeye ambaye hujibu hata nisipomwandikia. Kopo la pilipili lililokuja wiki hii lina maandishi ya Wifi juu yake, si ya Amma. Nilipiga simu duka la jirani wamwite, mwenye duka akaniambia, "Mama yako anapumzika, yule mkono wake..." halafu akageuza maneno, akaanza kuniuliza habari za mvua.

Mkono wake una nini, Kaka?

Ulinifundisha kuendesha baiskeli kwenye uwanja wa kiwanda. Ulisema ukianguka sema, usifiche, kidonda kilichofichwa ndicho kinachooza. Nilikuwa na miaka saba. Nakuomba uniambie kama ningekuwa bado na miaka saba.

Poongodi


Ganapathy, 10 Oktoba 1993

Kwako mdogo wangu, kannu, mboni ya jicho langu,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi. Wifi yako anakusalimu na anakuomba radhi, mimi ndiye niliyemkataza kujibu. Ndama mzima. Mimi nafsi yangu siko mzima sana, utaona.

Mapema Agosti, Amma alivunjika kidole cha kati cha mkono wa kulia, na cha shahada kiling'oka ukucha. Nilikuwa kiwandani. Niliporudi tayari amefungwa bendeji na daktari, akaniambia mlango wa ghala la nafaka umembana. Akaniapisha nisikuambie, kwa sababu una mitihani. Nikaapa. Nikaamini mlango. Hapana, ngoja niseme kweli: niliutazama ule mlango, mwepesi kama ungo, nikaamua kuuamini. Ndiyo maana ulipoandika habari za swichi kubanwa nilikutukana. Nilikuwa nakutukana wewe nisijisikie mimi.

Jumatatu, alasiri wanaposaga, nilikwenda jikoni nikakaa juu ya gunia la mchele, karibu na mlango. Wifi yako akasema, "Kuna nini? Umefiwa?" Amma akaja akaniwekea kiganja kwenye paji la uso kuona kama nina homa. Nikamwambia endeleeni tu, mimi sipo. Wakatazamana. Wifi yako akanibeza, "Hayupo, lakini gunia limebonyea."

Nilisimama nikafunua kile kitambaa kizuri cha mashine. Maua ya asumini yamekaukia juu ya mengine. Ndani ya bakuli, Poongodi, kulikuwa na buibui. Alikuwa ametanda kutoka jiwe hadi jiwe, hana wasiwasi na mtu. Kumbe dosa zangu tisa zilitoka kwenye jiwe la uani, lile la bibi, ambalo wifi yako amekuwa akilisukuma kwa mikono miwili kila siku huku Amma amesimama kando anamwelekeza. Mimi nasifia mashine, wao wananipakulia.

Amma aliona aibu. Akasema ah, nilikuwa nataka kuitumia leoleo. Akamfukuza buibui, akaosha, akamwaga dengu, akafunga mfuniko, akawasha. Nami nikarudi kwenye gunia. Nilifanya kama ulivyosema, sikusema kitu.

Haikupita dakika mbili mkono wake ukaenda kwenye mfuniko. Akafungua, mashine ikazima. Akafunga, ikanguruma, ikaanza. Akasimama ameshika mkono kwa mkono kama mtu anayejizuia. Akafungua tena, ikazima. Mara ya nne, alikuwa anazungumza na wifi yako kuhusu chumvi, hata hatazami, mkono ukapanda rafuni, ukashuka na kipande cha kifuu cha nazi, ukakichomeka kwenye swichi. Kimechongwa, Poongodi. Kimekaa pale sawasawa, kama kimetengenezwa kiwandani kwetu. Mashine ikawa inazunguka wazi, mawe yanacheza, na kile kidole kilichopinda kikaanza kushuka ndani.

Niliruka nikazima ukutani. Gunia likaanguka, mchele ukamwagika. Nikamuuliza, "Amma, ni mlango wa ghala kweli?"

Akasema, "Mlango ni mlango."

Nikamwambia, "Amma."

Akainama akaanza kuokota mchele kwa mkono wa kushoto. Akasema, "Umeiandika jina langu. Kwa dhahabu. Mtoto mmoja kaichora, mwingine kaitengeneza. Ningeanzaje kusema kwamba jina langu limenivunja kidole?"

Nililia, sikufichi. Wifi yako akafunga mlango wa uani jirani wasione.

Siku nne zilizofuata nilikwenda kwenye nyumba tano, na wifi yako mbele, ili nisije nikapigwa na waume za watu. Wa kwanza amebana swichi kwa kibanio cha nguo. Wa pili kwa kipande cha chaki. Wa tatu kwa jino la kitana. Wa nne ana ukucha mweusi, nilipomuuliza akacheka akasema ni uzembe wake, asitajwe. Na mke wa mwalimu mkuu, yule wa "nzuri kupita kiasi," bakuli lake anahifadhia vitunguu. Nikamuuliza mbona kwenye kadi ulisema vile. Akasema, "Sasa mwanangu, umeniletea zawadi mpaka mlangoni, ulitaka nikuandikie matusi?"

Rangasamy nilimpa habari zote. Akaenda stoo, akarudi amebeba moja ya nondo za Appa, akaiweka mezani kwangu, akaondoka.

Nimesimamisha zote mia tatu. Zile ishirini nimezikusanya mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Mtu wa Erode amenikatia simu, kisha amepiga akanitukana, kisha amefuta oda. Sijui itakuwaje. Labda atakubali sitini kwa Pongal kama tutakuwa na kitu cha kumwonyesha, labda hatakubali. Sasa hivi tunajua tu kwamba nondo lazima irudi, mwendo upungue, na mfuniko uwe na nafasi ya mkono, mahali pasipofikika mawe. Wapi hasa, hatujui. Mimi na Rangasamy tumechora mara tatu na mara tatu wifi yako ametucheka.

Wafanyakazi nimewaambia ukweli. Naogopa, Poongodi. Lakini ni woga mwingine. Ule wa kwanza ulikuwa unaninyima usingizi halafu asubuhi naukana.

Kaka yako,
Nachimuthu

Poongodi. Nimeandika kwa kushoto usinicheke. Mashine haina kosa. Ni mkono wangu umezoea vibaya. Kula vizuri. Amma.


Ahmedabad, 17 Oktoba 1993

Kwako Amma,

Kaka na Wifi wasome pia, lakini barua hii ni yako.

Huenda ikafika siku moja na mimi. Nimekata tiketi, naingia Coimbatore Ijumaa asubuhi, nitakuwepo kwa Ayudha Puja. Kusumben nilimsomea mstari wako, nikamfasiria. Aliomba nimsomee mara ya pili, kisha akanipa ruhusa ya wiki tatu. Zawadi yangu ya chuo nimemrudishia, ameiweka kwenye droo na kusema tutaizungumza mwakani.

Amma, mkono wako haujazoea vibaya. Umekuwa ukisaga kwa mkono huo miaka arobaini, umetulea watoto wawili na kiwanda. Mimi ndiye niliyetengeneza kitu kinachomvunja mtu kidole halafu yeye ndiye anayeomba msamaha. Kile kidole kitapona kikiwa kimepinda, Kaka hakusema lakini najua. Ila ule mstari wako, kwamba kosa ni lako, ndio nitakaoutazama kila nikishika penseli.

Nikija sitaleta mchoro. Nitakaa juu ya lile gunia. Wifi ndiye asage, wewe umkemee kama unavyojua kumkemea, na kila utakapomwambia "ingiza mkono sasa," mimi nitaandika ni saa ngapi na mkono umepita wapi. Usinifiche kitu kwa sababu nimetoka mbali. Usiseme nzuri.

Jumamosi Kaka atazunguka kiwandani na bakuli la sandali, apake mashine zote, nyundo, bisibisi, mizani. Mwambie aanzie nyumbani. Aanze na jiwe la bibi pale uani, kisha kile kipande cha kifuu, msikitupe. Kidole chako niachieni mimi, nitakipaka mwenyewe.

Siku ya Puja hakuna kifaa kinachofanya kazi, na kesho yake bado ni sikukuu, basi tutasaga Jumatatu. Jumatatu asubuhi, lowekeni mchele.

Binti yako,
Poongodi